Maji Yakipwa Cramond

Ubao wa saa za maji umesimama mwisho wa kijiji cha Cramond, pale lami inapokoma na matope ya bahari yanapoanza. Jumapili hiyo ya Oktoba walikuwa wamesimama mbele yake wanafunzi sita, mimi nikiwa mmoja wao, makoti yamefungwa hadi shingoni. Maji yangefika mwisho wa kupwa saa 3:40 asubuhi, ubao ulisema, na ilikuwa salama kuvuka kwenda kisiwani ndani ya muda wa saa mbili kabla na saa mbili baada ya hapo. Zilibaki dakika 15 maji yafike mwisho huo. Watano walikuwa wanapiga hesabu. Wa sita, kijana wa Kipemba aliyekuja Edinburgh kusomea kompyuta, alikuwa ameupa ubao mgongo, anaongea na mama yake kwa simu.

Simu aliiweka spika ili sote tumwamkie bi mkubwa. Marahaba zilipokwisha, mama akauliza swali moja.

"Mwezi una ngapi leo?"

"Kumi na sita, mama."

"Basi ni bamvua. Sie huku ndiyo kwanza tunatoka mwani. Nendeni, lakini msikae sana. Maji ya bamvua yakigeuka hayana subira."

Kijana akakata simu, akasogea kuusoma ubao, kisha akasimama kimya kwa muda. Mama yake, aliye upande wa Micheweni, analima mwani kama wanawake wengi wa Pemba tangu kilimo hicho kilipoingia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Hajawahi kuiona bahari nyingine ila ile ya kwao. Hata hivyo alikuwa amempa mwanawe jibu lile lile lililobandikwa ubaoni.

Si uganga. Saa za kujaa na kupwa hutofautiana kutoka pwani moja hadi nyingine kwa sababu ya umbo la bahari na kina chake. Lakini bamvua huletwa na jua na mwezi vinapovuta katika mstari mmoja, mwezi unapoandama na unapopevuka, na mwezi ni huo huo mmoja kwa Micheweni na kwa Uskoti. Ikatokea pia kwamba Pemba maji ya bamvua hupwa asubuhi, saa 4 au saa 5 hivi, na katika ghuba ya Forth nayo hupwa asubuhi, kwa saa za huko. Kwa mtu aliyekulia kwenye mwani, siku na wakati vilikuwa vinasomeka bila karatasi.

"Twendeni," akasema. Tangu hapo hakuna aliyebisha kwamba safari za baharini ataziongoza yeye.

Matembezi yenyewe yalikuwa yameanza wiki tano kabla, jikoni. Katika hosteli za wanafunzi, jiko la pamoja ndilo baraza. Dada wa Kichaga kutoka Marangu, aliyekuja kusomea afya ya jamii, alikuwa anakanda unga wa chapati. Mmalawi wa chumba cha jirani alivutwa na harufu. Nyuma yake akaingia kijana wa Kisumu wa mwaka wa pili wa uhandisi, mdogo kuliko wote kwa miaka yake 20, na msichana wa Kiskoti kutoka Fife, ng'ambo ya ghuba, anayesomea jiolojia. Pamoja na Mpemba na mimi tukawa sita, na chapati ya kwanza iligawanywa vipande sita. Ilipofika ya nne, dada wa Marangu alikuwa ameshatoa hoja yake: tucheze upatu, lakini badala ya kupokea fedha, mwenye zamu apokee Jumapili. Kila mtu aweke pauni 5 kwa wiki. Pauni 30 zinazopatikana zitatumika pale atakapochagua mwenye zamu, na wengine watamfuata bila kunung'unika. Kijumbe akawa yeye mwenyewe, na daftari lake lenye jalada la kijani lilitunzwa vizuri kuliko madaftari yake ya darasani.

Pauni 30 kwa watu sita si fedha nyingi katika mji ule, lakini zilitosha kuliko tulivyodhani. Tangu Januari 2022, vijana wa chini ya miaka 22 wanaoishi Uskoti hupanda mabasi bure kwa kadi maalumu, kwa hiyo wawili kati yetu hawakuwa na nauli ya kulipa. Makumbusho ya Taifa hayana kiingilio, na milima haina mlango. Chakula kilitoka jikoni kwetu.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kupanda Arthur's Seat, kilima kinachosimama katikati ya mji kama simba aliyelala. Kina mita 251. Dada wa Marangu, ambaye dirisha la kwao linatazama mlima wa mita 5,895, alikipanda kwa heshima ile ile, pole pole, akihema na kusimama. Huko chini, kwenye genge la Salisbury Crags, Mskoti alituonyesha mahali ambapo mwamba mweusi ulipenya ukiwa bado uji wa moto ndani ya tabaka za mchanga uliogeuka jiwe. Ni mahali alipopachunguza James Hutton, mwanasayansi wa karne ya 18 aliyeshawishi watu kwamba dunia ni kongwe mno kuliko walivyofikiri. Msichana aliweka kidole cha shahada juu ya mpaka wenyewe: upande mmoja wa ukucha jiwe jekundu lililokatika katika tabaka nyembamba, upande mwingine jiwe jeusi gumu. "Hii ni volkano," akasema, "iliyozimika zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita." Dada wa Marangu naye akaweka kidole. Alisema ya kwao bado changa.

Kutoka kileleni mji wote unaonekana: mabomba ya moshi, kasri juu ya mwamba wake, minara ya chuo kikuu kilichoanzishwa 1582. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo hicho kuanzia 1949 hadi 1952. Hakuna Mtanzania anayefika Edinburgh bila kulijua hilo. Kijana wa Kisumu alitutaka tueleze, tukaeleza, na mazungumzo ya Mwalimu yakatushusha kilima hadi chini.

Lakini nirudi Cramond.

Njia ya kwenda kisiwani ni ya zege, imelala juu ya matope, na ni ya kilomita moja na nusu hivi. Pembeni yake imepangwa safu ndefu ya nguzo za zege, pana chini na nyembamba juu, mfano wa meno. Zilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili maji yakijaa boti za adui zisipite kati ya kisiwa na nchi kavu. Vita vimekwisha, meno yamebaki. Kwa chini yamevaa mwani wa kahawia wenye vilengelenge, na ukikibonyeza kilengelenge kinapasuka kwa mlio mdogo. Mpemba alichuma tawi, akalinusa, akalionja kwa ncha ya ulimi. "Huu wenu mnene," akamwambia Mskoti, kana kwamba wanazungumzia mazao ya shamba la jirani. Kisha akaegemea nguzo moja na kuinua mkono kutafuta pale mwani ulipokomea. Kiganja chake kilikuwa juu ya kichwa chake. Alama hiyo ilitufundisha zaidi ya ubao: mahali tulipokuwa tunatembea na viatu vikavu, mchana huo huo pangemzamisha mtu mrefu.

Tulipofika kisiwani jambo la kwanza alilofanya ni kushuka hadi ukingo wa maji na kuchomeka kijiti. Hakutoa maelezo. Alirudi, akapokea kikombe chake cha chai ya tangawizi, akakaa akitazama upande huo.

Kisiwa cha Cramond hakina duka wala nyumba ya kuishi mtu. Kina majani, magofu ya zege ya wanajeshi yaliyochorwa rangi na vijana wa mjini, na upepo. Utajiri wake ni mandhari. Magharibi, madaraja matatu yanavuka ghuba moja kando ya jingine, kila moja la karne yake: la reli la 1890, la barabara la 1964, na Queensferry Crossing la 2017. Lile la reli, lenye rangi nyekundu ya udongo, ndilo macho hurudi kwake. Lina urefu wa karibu kilomita 2.5 na tani zaidi ya 50,000 za chuma, na liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015. Kijana wa uhandisi aliweka chapati chini na kutueleza namna mikono yake mikubwa inavyobebana pande mbili, akitumia mikono yake mwenyewe na ya Mmalawi kama mfano. Msichana wa Fife alisubiri amalize, kisha akasema kwamba katika ujenzi wake walikufa watu wasiopungua 73, na kwamba kwao watoto hufundishwa idadi hiyo pamoja na urefu.

Ilikuwa inamiminwa chai ya pili wakati Mpemba aliposimama. Kijiti chake kilikuwa ndani ya maji.

Kwa macho yetu bahari haikuwa imebadilika hata kidogo. Alitufundisha kuangalia vitu vidogo: povu ndani ya vijito vya matope, ambalo sasa lilikuwa linaelekea nchi kavu, unyasi mkavu uliokuwa umelala na sasa unaelea. Maji hayaji kwa mbele kama askari, alieleza. Huzunguka, hujaza mabonde kwanza, na mtu anayetazama mbele hukuta nyuma yake kumeshafungwa. Ilikuwa saa 5:05. Ubao ulitupa hadi saa 5:40, nasi tulihitaji dakika 25 za kutembea. Tukafunga vikombe.

Katikati ya njia tukakutana na vijana wawili wanakwenda kisiwani, wamebeba blanketi na mfuko wa vyakula. Mpemba akawasimamisha. Aliwaamkia kwanza, akawauliza habari za asubuhi, kisha akawaambia maji yamegeuka. Wakamtazama, kijana mgeni mwenye kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, na mmoja akasema bado ni mapema. Mpemba hakubishana. Aliwaonyesha nguzo, ule mstari wa mwani juu ya kichwa chake, kisha akaonyesha chini, kati ya meno mawili, ambapo maji membamba kama ulimi yalikuwa yanaingia bila sauti. Msichana wa Fife akaongeza maneno mawili matatu kwa Kiskoti cha kwao. Wakageuka, tukarudi nao. Saa 7 mchana, tukiwa tumekaa ukutani kijijini tunamalizia chapati, tulitazama tulikopita. Njia haikuwepo. Yalibaki meno tu, nayo mafupi.

Watu hukwama pale mara kwa mara. Wanaokwenda kuwachukua ni wa boti ya uokoaji ya Queensferry, tawi la RNLI, chama kilichoanzishwa 1824 ambacho waokoaji wake wengi ni watu wa kujitolea na fedha zake nyingi ni za michango. Anayeketi kisiwani bila kuangalia saa anamtoa mtu mwingine mezani kwake. Wiki iliyofuata dada wa Marangu aliandika katika daftari la kijani: RNLI, pauni 5. Hakuna aliyeuliza.

Cramond ilituzalia safari nyingine, na hii ndiyo tabia ya matembezi mazuri. Mskoti alitudokeza kwamba mwaka 1997, pale pale mdomoni mwa mto Almond, tulipokuwa tunapangusa matope viatuni, mvushaji wa mashua aliona kitu cheupe kimetokeza kwenye tope. Walipochimba akatoka simba jike wa jiwe, aliyechongwa zama za Warumi, ambao walijenga ngome Cramond miaka ya 140 hivi baada ya Kristo. Sasa yupo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Chambers Street, mwendo wa dakika chache kutoka darasani kwetu. Jumamosi moja ya mvua tukaenda kumwona.

Ni mnyama mkubwa, na kinywani mwake kuna kichwa cha mtu. Mtu huyo ana ndevu na macho yaliyotoka, na makucha ya simba yamemkamata mabegani. Inafikiriwa simba huyo aliwekwa juu ya kaburi la Mrumi mwenye cheo. Tulikaa mbele yake karibu nusu saa. Dada wa Marangu, aliyewahi kuona simba kwa macho katika ziara ya shule Ngorongoro, alimzunguka taratibu akasema uso umekosewa lakini mabega ni yenyewe, aliyeyachonga aliyajua.

Mmalawi ndiye aliyesoma maelezo hadi mwisho, naye akatuita. Mwaka 208 Kaisari Septimius Severus alikuja kupigana kaskazini ya Uingereza, na ngome ya Cramond ikawa ghala la vifaa vya jeshi lake. Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Hakurudi kwao, alifia York mwaka 211. Mtu wa Afrika, basi, mwenye Roma yote mkononi, aliwahi kuwa na ghala katika kijiji kile kile tulichomalizia chapati zetu. Nilifurahi kulijua hilo kwa namna ambayo bado siwezi kuieleza vizuri. Katika mji wenye sanamu nyingi za watu wengine, kwa habari kama hiyo mtu hupata nafasi ya kukaa.

Kisha giza likaja. Edinburgh ipo nyuzi 56 kaskazini ya ikweta, na mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri. Mpemba alikuwa anatoka maabara kuswali magharibi saa ambayo kwao watu ndiyo kwanza wanaamka usingizi wa mchana. Mtu wa ikweta hawezi kuandaliwa kwa hilo. Mwili unataka kulala saa 11 jioni, na chumba kinakuwa kidogo. Wenzetu wengine wa Afrika ya Mashariki hatukuwaona tena tangu Novemba. Walikuwa maktaba, kazini, kitandani. Viza ya mwanafunzi huruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wapo wanaozitumia zote kwa sababu kuna ada ya mdogo wao nyumbani. Nawaelewa. Ila nyumbani nako husemwa neno ambalo nadhani ni la kuonea, nami niliambiwa na mjomba wangu kwa ujumbe wa sauti: "Umekwenda kusoma au kutembea?" Nilimjibu kwa heshima kwamba anayekaa mwaka mzima kati ya kitanda na kompyuta hurudi na cheti cha nchi asiyoijua. Na wakati mwingine hurudi mgonjwa.

Kwa hiyo upatu haukusimama wakati wa baridi. Ulihamia ndani. Zamu ya Mpemba tulikula wali na mchuzi karibu na Msikiti Mkuu wa Edinburgh, uliofunguliwa 1998, ambako kwa miaka mingi wanafunzi wa dini zote wamezoea kushiba kwa fedha kidogo. Zamu ya Mskoti alitupeleka kwenye ceilidh.

Neno hilo hutamkwa "keli". Ni ngoma ya ukumbini: kodiani, fidla, na mtu mmoja jukwaani anayewaeleza wachezaji hatua kabla ya muziki kuanza, kisha anazitaja tena katikati ya mbio. Wanaume wengine huvaa kilti, ile sketi ya mikunjo ya sufu. Sikuwa nimeona mahali Ulaya ambapo mtoto wa miaka 8 na bibi wa miaka 70 wanacheza mstari mmoja. Ngoma iitwayo Strip the Willow huwapanga watu safu mbili zinazotazamana. Wawili wa juu hushuka katikati wakizungushana, mkono wa kulia kwa mwenza wako, wa kushoto kwa yule anayefuata safuni, tena kulia kwa mwenza, hadi mwisho. Ukiteleza, mkono wa mtu usiyemjua unakudaka.

Mpemba alijitolea kulinda makoti. Alikaa na makoti hayo ngoma tatu. Ya nne, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alimjia, akanyoosha mkono, akasubiri. Haiwezekani kumkatalia mtu wa umri huo aliyesimama mbele yako. Akainuka. Mzunguko wa kwanza alikwenda kinyume, wa pili alifuata, wa tatu miguu yake ikaanza kugonga sakafu kwa mapigo ambayo hayakuwa ya Uskoti. Baadaye alituambia yalikuwa ya msewe, ngoma ya kwao Pemba, ambayo wachezaji hufunga msewe miguuni ili kila hatua ilie. Bibi alimwelewa. Alimgongea naye kwa visigino, na safu nzima ikapiga makofi kuwafuata.

Zamu ya Mmalawi ilikuwa Machi, na tulijua ataomba nini. Kwao ni Blantyre, mji wa Malawi ulioanzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1876 na kupewa jina la kijiji alichozaliwa David Livingstone. Alitaka kukiona kijiji hicho. Treni ya kwanza ilitufikisha Glasgow kwa muda usiozidi saa moja, ya pili ikatushusha kwenye kituo kidogo chenye kibao cha bluu: Blantyre. Alisimama chini ya kibao, akavua kofia ili nywele zake mpya zionekane, akatutaka tumpige picha tatu, moja ya baba, moja ya mama, moja ya kwake.

Livingstone alizaliwa hapo 19 Machi 1813, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba lililokaliwa na familia 24, kila moja chumba kimoja. Aliingia kiwandani akiwa na miaka 10, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, akiweka kitabu juu ya mashine ili asome sentensi moja kila akipita. Chumba chao kipo. Ukinyoosha mikono pande zote mbili unakiona udogo wake. Nje, katikati ya bustani, tukamkuta simba wa pili wa mwaka wetu: sanamu ya shaba ya Livingstone akishambuliwa na yule simba aliyemvunja mkono wa kushoto mwaka 1844. Mfupa huo ulioungana vibaya ndio uliotumika kuutambua mwili wake ulipofika Uingereza.

Hapo ndipo dada wa Marangu aliposema lililokuwa kifuani mwa wengine. Mwili ulifika kwa miguu ya nani? Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaubeba kwa miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Wenyewe waliletwa Uingereza mwaka huo lakini walichelewa maziko. Wote wawili walifia Zanzibar, Chuma mwaka 1882, Susi 1891. Mpemba alikuwa amefaulu somo la historia kwa kuandika majina hayo, na hakujua kwamba wamelala Unguja. Alitoka nje peke yake. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa mto Clyde unaopita nyuma ya jengo hilo, anahesabu miezi kwa vidole.

"Mei mpaka Februari," akasema. "Ni masika na vuli ndani yake."

Juni ilifika na mwanga. Jua sasa lilizama saa 4 usiku na kuchomoza saa 10 na nusu alfajiri, na katikati yake anga halikuwa giza kamili upande wa kaskazini. Mitihani ilikuwa imekwisha. Zamu ya mwisho ilikuwa ya msichana wa Fife, na pauni zilizobaki alizitumia kununua mkaa, samaki na ndimu. Alichagua siku mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Tulipanda basi namba 41 jioni, tukashuka Cramond, tukapita ubao. Maji yangefika mwisho wa kupwa saa 3:20 usiku. Mpemba alisoma, akamtazama msichana, hakusema kitu.

Kisiwani aliyechomeka kijiti alikuwa kijana wa Kisumu. Dada wa Marangu alifungua daftari la kijani na kusoma safari zote kwa sauti, na kiasi kilichotumika kila mara, huku samaki wakichirizika mafuta juu ya mkaa. Madaraja matatu yaligeuka meusi mbele ya anga la rangi ya papai. Mpemba alikuwa na tiketi ya Julai mosi.

Saa 4 na nusu mwezi ulikuwa umeshatoka, chini sana, upande wa Leith, mkubwa na mwekundu. Msichana wa Fife aliutazama kwa muda, akasogea karibu na Mpemba, akauliza kwa Kiswahili alichojifunza jikoni.

"Mwezi una ngapi leo?"

"Sema wewe."

Akahesabu kwa vidole. "Kumi na tano."

"Basi?"

"Basi ni bamvua." Akaanza kukusanya vikombe. "Tusikae sana."